Kifua cha Inchi Thelathini na Nne

Nyololo, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Benedicta,

Kamwene. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, isipokuwa masikio, unayajua. Siku hizi hata kengele ya kanisa siisikii. Nikiona watu wanatoka majumbani na mimi natoka. Mvua ni nzuri. Viazi vimeshika, mahindi ya bondeni yamelazwa na upepo lakini tutakula. Ng'ombe wa Kalinga amezaa mapacha, watu wanakwenda kuwatazama kama wanakwenda kumpokea padri mpya. Amos anakusalimu. Yupo.

Nimekuandikia kwa jambo moja. Nilikuwa napekua sanduku la marehemu mama nikakuta kile kikaratasi cha maelekezo cha masista wa misheni, alichofumia sweta la baba. Lile la vifungo, lenye mifuko miwili na misuko kama kamba kifuani. Picha ipo, yule mzungu anayevuta kiko. Lakini panya wamekula kona iliyoandikwa jina la uzi. Nakutumia hivyo hivyo kilivyo.

Amos anataka sweta kama lile la babu yake. Nilimwambia masweta yamejaa Mafinga, achague. Akasema hapana, anataka mama mdogo alifume, na anataka manyoya ya kondoo wake mwenyewe, wale aliowanunua kwa mshahara wa kiwandani. Gunia analeta Asukile, dereva wa lori la mbao. Si manyoya mazuri. Wale kondoo ni machotara, baba zao sijui walitoka wapi. Wewe utajua la kufanya.

Kifua inchi arobaini. Mikono yake unaijua, mirefu.

Rangi iwe hiyo hiyo ya kondoo. Usihangaike kumpigia simu kumuuliza.

Dada yako,
Yusta


Soweto, Mbeya, 3 Machi 2024

Dada yangu Yusta,

Kamwene sana. Nashukuru kusikia mvua ni nzuri. Huku kwetu zimekuwa nyingi mno, udongo wa mlima unashuka hadi mlangoni na jirani yangu Lusekelo amejenga kidaraja cha mbao ili atoke nyumbani na viatu safi. Kwaya wamenipa kuimba sauti ya pili, ya kwanza wanasema nimeichosha. Goti linauma asubuhi, likishapata jua linaniacha. Ndiyo hali yangu.

Sasa hilo gunia. Asukile alilishusha getini akarudi nyuma hatua kadhaa. Akasema, "Mama, mimi nimebeba mbao mbichi na nimebeba samaki, lakini mzigo huu ulinifanya niendeshe na vioo wazi tangu Makambako." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini yeye hakucheka sana. Nikamuuliza hali zenu, akasema wazima, akaenda kugonga matairi.

Dada, usikasirike, manyoya haya ni mabaya. Mabegani na ubavuni kuna kidogo kinachofaa, kina mikunjo midogo na ukikivuta kinarudi. Yaliyobaki ni nywele tupu, nene, ngumu kama za ufagio, hazishiki rangi wala hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Kuna miba, kuna mbegu za majani, ya tumboni yamegeuka njano. Na kuna kondoo mmoja ambaye kila ukivuta manyoya yake yanakatika katikati, yote mahali pamoja. Masista walitufundisha: hapo ndipo aliugua, au alishinda njaa. Kondoo hawezi kuficha ugonjwa, manyoya yatamtaja.

Nimeyatandaza uani nikayagawa mafungu. Zuri ni debe moja tu. Nimelilowesha kwenye maji ya moto na sabuni bila kulitikisa, maana ukilitikisa linagandamana na kuwa kama kofia. Maji yalitoka meusi kama kahawa.

Na kikaratasi nacho kimenitesa. Jina la uzi limeliwa, limebaki neno linalosema "nyuzi nne" basi. Lakini nimegundua kwamba wale wa zamani wakisema nyuzi nne hawakuwa wanahesabu nyuzi tu, walikuwa wanataja unene. Uzi wa sokoni leo unaweza kuwa na nyuzi nne ndani na bado ukawa mnene kama kamba ya mbuzi. Kwa hiyo nikaachana na jina. Nikasoma kinachosemwa juu ya vitanzi: saba kwa inchi, sindano namba kumi. Nikachukua sindano ya milimita kumi, nikafuma kitu kama wavu wa goli! Kumbe namba zao zilikwenda kinyume, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Sasa nimeipata. Nasokota, nazungusha uzi kwenye rula, nahesabu mizunguko inayoingia kwenye inchi, halafu nafuma kipande kidogo, nakifua, nakipima tena. Cha tano ndicho kilichonipa saba kamili. Hata kama jina lake limo tumboni mwa panya, uzi wenyewe nimeufahamu.

Tangu mwanangu Sekela atutoke sijawahi kumfumia mtu kitu kwa jina lake. Nafuma masweta ya shule tu, ya kila mtoto na si ya mtoto yeyote. Nafurahi kwamba ni Amos. Usiku wa mitihani yake ya kidato cha nne alikuwa anakaa hapa jikoni na blanketi la marehemu mume wangu Sifaeli mabegani. Huyu mtoto amekuwa wa kusikia baridi siku zote.

Nilimpigia, samahani, najua ulinikataza. Alisema yuko msituni Sao Hill, mtandao mbaya. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeongea huku amebeba kitu kizito. Mwambie apunguze kazi.

Mdogo wako,
Benedicta


Nyololo, 7 Aprili 2024

Benedicta,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumepokea barua. Nilimsomea Amos ile habari ya wavu wa goli akacheka.

Pasaka ilipita salama. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche. Baridi imeanza mapema, ukungu unakaa hadi saa nne.

Nilikosea kipimo. Nilipimia juu ya koti. Weka thelathini na saba.

Jambo la pili. Umesema manyoya ya tumboni ni mabaya. Mimi hapa ninayo mengine mengi kama hayo. Je, yakifuliwa yanaweza kujazwa kwenye kitambaa yakawa kitu laini cha kukalia au kulalia? Ni kwa ajili ya benchi la kanisani, ni gumu. Yawe mapana kiasi cha mtu. Nieleze namna ya kuyafua ili yasinuke na yasifanye mabonge.

Na sweta lisiwashe shingoni. Amos hataki kuwashwa.

Yusta


Soweto, Mbeya, 28 Aprili 2024

Dada Yusta,

Kamwene. Poleni na kicheche. Hapa nimeanza kupanda mchicha kwenye makopo, na Lusekelo amepata mjukuu wa kike, wamempa jina la Blandina. Nilikwenda kumwona. Nikakaa naye mapajani muda mrefu kuliko ilivyopasa, mama yake akaanza kunitazama.

Nimeshafumua mgongo niliokuwa nimefuma kwa arobaini. Sina kinyongo, kufumua ni nusu ya kazi hii. Lakini kikaratasi kina thelathini na sita na thelathini na nane, katikati hakuna kitu, ikabidi nipige hesabu mwenyewe ili misuko ya kifuani ikae sawa pande zote mbili. Nimeweza.

Shingoni nimepata dawa. Nilikwenda kwenye mitumba Mwanjelwa nikachambua masweta ya zamani yaliyochanika viwiko. Wauzaji wote wanakuambia ni sufu halisi. Mimi nachomoa uzi kidogo pindoni, nauwasha kiberiti. Wa plastiki unayeyuka na kuwa kishanga kigumu cheusi. Sufu inanuka nywele zilizoungua, halafu inakuwa majivu unayoweza kuyasaga kwa kidole. Yule kijana muuzaji akapiga kelele, "Mama unataka kuniunguzia duka?" Nikamwambia, "Nataka kujua unaniuzia nini." Nikapata moja la sufu laini, rangi ya maziwa, nimelifumua lote. Uzi ulikuwa umejikunja kama nywele za mtoto. Nimeufunga mafungu mafungu, nimeulowesha, nimeutundika na jiwe chini hadi ukanyooka. Nimeupima kwenye rula, ni ndugu wa ule wa kwetu. Huo ndio utakaokuwa kola na mikono mwishoni, popote ngozi inapogusa. Ukali wa kondoo wetu utabaki mgongoni na kifuani, juu ya shati, huko hautamwasha mtu, na ndio unaozuia upepo.

Haya ya tumboni, ndiyo, yanafaa sana kwa kulalia. Yaondoe miba na mavi kwanza, yaloweke kwenye maji ya moto, usisugue, badilisha maji hadi yawe safi, yaanike kwenye wavu juani. Yakikauka yachambue kwa vidole, fungu dogo dogo, mpaka yawe kama wingu. Jaza kwenye kitambaa cha pamba halafu shona mishono ya kukatiza huku na huku ili yasikimbilie pembeni. Hewa inapita ndani yake, jasho halikai. Masista walikuwa wanawawekea wagonjwa wa siku nyingi, wasipate vidonda.

Lakini dada, benchi la kanisani lina urefu gani? Umeniuliza mapana kiasi cha mtu.

Na Amos amekonda kwa kazi au kwa mapenzi? Kama ni mapenzi nitajie msichana, nianze kumfumia na yeye. Pentekoste mlete huku. Nimemtumia meseji tatu. Anajibu "poa mama mdogo" na picha ya kidole gumba. Mtoto niliyemfundisha kuandika insha!

Benedicta


Nyololo, 2 Juni 2024

Benedicta,

Kamwene. Hatukuweza kuja Pentekoste, imeshapita.

Weka thelathini na nne. Vifungo viwe vikubwa, ambavyo mtu mwingine anaweza kumfungia bila kuhangaika.

Lile la kulalia nimelishona. Ni zuri. Asante.

Fanya haraka.

Yusta


Soweto, Mbeya, 9 Juni 2024

Dada,

Sitakusalimu leo, utanisamehe.

Kikaratasi hakina mwanaume wa inchi thelathini na nne. Kinaanzia thelathini na sita. Nimekigeuza nyuma na mbele. Mzungu aliyekiandika hakufikiria kwamba mwanaume mzima, mrefu vile, anaweza kuwa na kifua hicho.

Nilimshika Asukile mkono hapa getini. Nikamwambia, "Baba, wewe una watoto. Niambie." Akatazama chini, akasema, "Mama, niliapishwa." Neno moja tu, akapanda lori. Sijui nani alimwapisha, wewe au yeye.

Yusta, mtoto ana nini?

Usinijibu. Sitaki barua. Sweta nimelifumua nikalifuma upya usiku na mchana, limebaki mkono mmoja, nitaumalizia kwenye basi. Barua hii anaichukua Asukile kesho asubuhi, na mimi ninafuata kesho kutwa. Ikifika kabla yangu, mwambie nakuja, asijisumbue kuamka.

Benedicta


Nyololo, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu Benedicta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini ulifika salama. Hukutuma neno, lakini Asukile alipita kwako akaona nguo kwenye kamba, akaniambia.

Uliondoka kabla matanga hayajaisha. Watu waliuliza. Niliwaambia goti linakusumbua na huku baridi ni kali. Shangazi Saulina hakuniamini, lakini yeye haamini kitu chochote.

Nataka nikuandikie kwa sababu siku zote ulizokuwa hapa hatukuzungumza. Ulikuwa unamhudumia yeye, na mimi ukinipita ulikuwa unaangalia ukuta. Siku ya mazishi ulisema kitu karibu na uso wangu. Sikukisikia, lakini niliuona mdomo wako. Nadhani ulisema "ulininyima."

Ndiyo. Nilikunyima. Nitakueleza ilivyokuwa.

Ugonjwa ulianza Desemba, akawa hamalizi chakula. Akasema ni vumbi la mbao. Januari tukaenda Iringa, wakampiga picha, wakaona uvimbe tumboni umeshaenda kwenye ini. Daktari alikuwa mtu mwema, aliniandikia kwenye karatasi kwa sababu ya masikio yangu: mama, mpeleke nyumbani, mpe anachopenda. Kwenye basi Amos alichukua ile karatasi akaandika chini yake: Mama mdogo asijue. Nikatikisa kichwa kukataa. Akaandika tena: Amemzika baba Sifaeli, amemzika Sekela, na wote wawili aliwauguza mwenyewe. Akijua atakuja kuniangalia miezi yote hii. Mpe kitu cha kufuma.

Hilo sweta lilikuwa wazo lake, Benedicta. Baridi alikuwa anaisikia kweli, lakini alitaka pia wewe uwe na kazi yenye jina lake huku hujui. Alisema ukifika wakati wa kujua utakuwa tayari umeshamfanyia kitu, hutasema hukufanya chochote.

Nilimtii. Ni mtoto wangu na alikuwa anakufa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Wazee walitaka azikwe na koti la suti. Nilikataa, nikamvalisha sweta lako, vifungo nilivifunga mwenyewe. Lile la kulalia sasa nalilalia mimi. Linatunza joto.

Nina ombi moja, nisikie. Ile Jumapili ulipomtoa nje ukamkalisha juani kwenye ukuta wa jiko, mlizungumza muda mrefu. Nilikuwa namenya viazi mlangoni. Niliona midomo yenu tu. Yeye alikuwa hana nguvu tena ya kuniandikia mimi, na mdomo wake ulikuwa umekauka, sikuweza kuusoma. Maneno yake ya mwisho mwisho yote ulipewa wewe. Niambie alisema nini.

Dada yako,
Yusta


Nyololo, 6 Oktoba 2024

Benedicta,

Kamwene. Barua ya Agosti nadhani uliipata, Asukile anasema alikupa mkononi.

Sikuwakata kondoo manyoya mwaka huu. Kila nilipochukua mkasi niliuweka chini. Mvua ya kwanza ikaja wakiwa na mzigo wote mgongoni. Yule mkubwa aliloa akaanguka bondeni chali, manyoya yamemlemea, hakuweza kugeuka. Kalinga anasema alilia sana, nyumba zote zilisikia. Mimi nilikuwa hapo hapo napalilia, mgongo nimempa. Nilimkuta jioni.

Nimebaki na watatu.

Kama hutaki kuniambia, sitauliza tena.

Yusta


Soweto, Mbeya, 10 Novemba 2024

Dada yangu Yusta,

Kamwene. Pole kwa kondoo. Mimi mzima. Mvua hazijaanza vizuri huku, kuna vumbi, na yule mtoto Blandina ameota meno mawili. Nimeacha kwaya kwa muda. Wanakuja kunipitia kila Alhamisi, nami kila Alhamisi nawaambia wiki ijayo.

Barua yako ya Agosti niliisoma nikaifungia kabatini. Nilikuwa na hasira, nami nilijua ninacho kitu unachokitaka. Nikasema, acha na yeye angoje. Acha aone inavyokuwa mwenzako akijua na wewe hujui. Ilipokuja hii ya kondoo nilikaa nayo sana. Nilikuona unapalilia. Nikaona kwamba ninakufanyia kitu ambacho hata masikio yako yasingekufanyia.

Kwa hiyo nakuandikia yote, kadiri nilivyoyakumbuka.

Nilipoingia siku ya kwanza wewe ulikuwa kisimani. Alikuwa amelala juu ya lile godoro la manyoya, nikamwona mikono kwanza, ile mirefu, imebaki mifupa. Akafungua macho. Akasema, "Mama mdogo, nani kakwambia?"

Nikamwambia, "Kifua chako."

Alicheka, Yusta. Alicheka akashika tumbo kwa maumivu. Akasema, "Nilimwambia mama adanganye kipimo. Akasema hawezi, sweta litamkaa mtu kama gunia." Kwa hiyo ujue, alikuambia udanganye na hukuweza. Nilikuwa nakulaumu kwa kunificha, kumbe kila kipimo ulichonitumia kilikuwa kweli.

Ile Jumapili kwenye ukuta wa jiko nilimvalisha kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimelifuma kwa thelathini na nne, na bado lilikuwa kubwa. Niliingiza sindano pembeni nikawa nalipunguza huku amelivaa. Akaniuliza ni ngapi sasa. Nikamwambia sipimi tena. Akasema, "Vizuri."

Akaniuliza kama ule uzi niliuweza, ule ambao jina lake lililiwa na panya. Nikamweleza yote, rula na kiberiti na yule muuzaji wa Mwanjelwa. Alikuwa anafumba macho, nikidhani amelala nanyamaza, naye anasema, "Endelea." Akauliza manyoya ya yule kondoo yanayokatika katikati niliyafanyia nini. Nikamwambia hayawezi kuwa uzi, nimeyajaza kwenye mto. Akasema, "Basi na yeye amepata kazi."

Halafu alisema juu yako. Alisema, "Mama anadhani sijui anapolia kwa sababu hasikii kwamba anatoa sauti." Unalia kwa sauti, dada. Ulikuwa unakwenda nyuma ya banda la kondoo ukidhani umejificha, na nyumba nzima inakusikia. Aliniomba nisikwambie, usije ukaona aibu ukaacha kulia. Nakwambia. Lia tu.

Nikamuuliza kwa nini alinificha. Nilimuuliza kwa ukali, na mtoto yuko vile, Mungu anisamehe. Akasema, "Nilitaka mtu mmoja ambaye kwake bado ninafanya kazi msituni." Nilipokuwa nampigia simu alikuwa anatoka nje kwa kushika ukuta, anasimama kwenye upepo ili nisikie miti. Kisha anarudi kulala kutwa. Alisema zile dakika ndizo alizokuwa mzima.

Hilo nimelibeba peke yangu tangu Juni. Lisome polepole.

Na kuna neno moja nililokusudia kulificha mpaka kaburini. Baada ya kumfunga vifungo nilimuuliza, "Umepata joto?" Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kisu na kiazi, unatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akakuangalia, akakuinulia mkono, ukamwinulia na wewe. Akaniambia bila kugeuka, "Hapana, mama mdogo. Bado nasikia baridi ile ile. Lakini mwache, angalia anavyofurahi."

Sweta halikumsaidia, Yusta. Baridi yake ilitoka ndani na hakuna kondoo wa kuizuia, mzuri wala mbaya. Alilivaa siku zote zile kwa ajili yetu. Nilitaka kukuachia uamini kwamba alikufa na joto. Lakini tumeshafichana vya kutosha katika familia hii, na kila mmoja kwa upendo, na angalia tulipofika.

Umeniuliza ningekuwa mimi ningefanya nini. Sijui. Siku nyingine nasema ningekuita siku ile ile. Siku nyingine namwona pale kwenye basi na ile kalamu, nasema ningetii kama wewe.

Sijakusamehe bado. Nimejaribu kanisani na nimejaribu nyumbani, haijaja. Lakini jana Lusekelo aliniuliza, "Yule kijana wako mrefu aliyesoma hapa, hajambo?" Nikamwambia amefariki. Akasema pole, akasikitika kweli, akaendelea na kidaraja chake. Nikasimama pale uani nikaona kwamba hapa duniani amebaki mtu mmoja tu ambaye nikimwambia Amos amekufa ataelewa nimesema nini. Na huyo ndiye niliyemkasirikia.

Ijumaa nitapanda basi la asubuhi, nitakuja na hasira yangu, utaivumilia. Kondoo watatu tutawakata pamoja, wewe ukiwashika. Na nyuma ya banda usiende tena peke yako.

Benedicta